Vifaranga wa Serikali

Siku hizi kila nyumba hulea samaki wachanga wasiojulikana ni aina gani. Wakishatambulika, serikali inawachukua, na hawarudishwi.

Barua yetu ilipokuja hatukujua bado habari za samaki; ilisema tu, "Mtaletewa vifaranga ishirini." Basi mume wangu Mwinshehe akajenga banda, akanunua pumba na taa ya joto. Ulipofika mfuko wa maji wenye vifaranga wa samaki, tulicheka hadi tukakaa chini. Taa tukaining'iniza juu ya tangi la kioo sebuleni. Pumba samaki wakazila zote.

Jana akaja mkaguzi. "Shikamoo mama. Samaki gani hawa?"

Mama mkwe, ambaye kila asubuhi huwaamkia "perege wangu," akatazama pembeni. "Marahaba. Hata siwajui, baba."

Mkaguzi akaandika: hawajatambulika. Mlangoni akageuka, akashusha sauti.

"Hata wa kwangu, mama. Mwaka wa sita huu, bado siwajui."