Kompyuta ya Jikoni

Fundi wa kompyuta alichapa nywila ya zamani, akabonyeza. Nyuma yake, mkurugenzi wa makao ya watoto aling'ang'ania kitasa cha mlango wa jiko.

Kompyuta nyingine zote zilikwishapata kufuli jipya. Hii ya jikoni walikuwa wameisahau, maana mpishi aliigeuza redio yake; fundi alikuwa ametoka tu kuiwekea lake. Kumbe ndimo yalimobaki mafaili ya watoto wa zamani: nani alizaliwa na nani, nani akalelewa wapi.

"Wezi wanaiba mafaili yaliyofungwa leo, wanayaweka," fundi alikuwa amemweleza. "Kompyuta za kwanta, zile zenye nguvu kupita hizi zote, zikija, makufuli ya zamani yote yatafunguka."

Kioo kikaandika: Huruhusiwi.

"Nywila ya zamani imegoma, mama! Kufuli jipya limeshika!" fundi akacheka. "Na haijawahi kuingia mtandaoni. Hakuna aliyechungulia."

"Na nyimbo zangu?" mpishi akauliza, kisu kikiwa kwenye kitunguu.

"Zipo zote."

Mkurugenzi akashusha pumzi, akaketi juu ya gunia la mchele. Alicheka huku akijifuta macho, akasingizia vitunguu. Kisha akatoa simu, akampigia mwanawe, ambaye faili lake lilikuwa mojawapo.

"Baba, leo wahi nyumbani. Kuna jambo nataka ulisikie kwangu mimi."