Tonge la Mwani

Jambiani ya siku hizo, kila mtu alikuwa na bakuli lake la wali wa mwani, lililoandaliwa kufuatana na damu yake: madini joto kwa mwenye rovu, madini ya chuma kwa mjamzito, nyuzinyuzi kwa mwenye kisukari. Kula cha mwenzio kulikatazwa kisheria. Maradhi mengi yalikwisha, na masinia ya familia yakatupwa.

Mchana mmoja Bi Kazija, aliyekuwa hajiwezi tena, alisukuma bakuli lake kando.

"Mwatima mwanangu, nilishe cha kwako. Kwa mkono wako."

"Mama, chakula changu kitakudhuru."

"Na hiki je, kitanizuia kufa?"

Mwatima alitazama mlangoni, kisha akafinyanga tonge na kumtia mamake mdomoni. Bi Kazija alitafuna taratibu, macho kayafumba, machozi yakimtiririka.

Moyo ulimjaa Mwatima. Akafinyanga tonge jingine, akamgeukia binti yake Nunuu, aliyekuwa akila peke yake pembeni mwa mkeka.

"Njoo, mwanangu."

Nunuu, mtoto ambaye hajapata kuugua hata mafua, alirudi nyuma, akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akaanza kulia.