Plasta ya Begani

Mkono ulipita mstari wa tisa ukutani, na mpimaji akaacha kuandika.

Miezi mitatu nyuma fundi rangi huyu alianguka kutoka kwenye ngazi, akavunjika mfupa wa mkono karibu kabisa na bega. Kipimo cha kwanza aliishia mstari wa tatu, jasho likimchuruzika. Leo kanyoosha mkono kama anayepaka dari.

"Umekula nini, fundi?"

"Mazoezi yako, dada. Mke wangu siku hizi ananiita mwanajeshi."

Mara ya mwisho alimwita daktari, siyo dada. Tena alikuja na pacha wake, fundi rangi vilevile, wamefanana mpaka pengo la jino.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Kazini. Na mimi nikipeleka barua yako leo, Jumatatu napanda ngazi. Nisipopeleka, msimamizi kasema nafasi anampa mtu mwingine."

Barua ilikuwa mezani, imebaki sahihi tu.

Mpimaji akaitazama ile plasta kubwa begani. Kila mgonjwa wa utafiti ule alibandikwa moja na nesi mlangoni, ili yeye asijue nani katibiwa vipi. Daktari mkuu alikuwa akilinganisha njia tatu: bamba la chuma na skrubu, kiungo bandia, na ya tatu ambayo mpimaji aliambiwa tu kwamba ndiyo ya bei nafuu. Bahasha iliyofungwa ndiyo iliyomchagulia mgonjwa njia yake. Mgonjwa akiropoka mbele ya mpimaji katibiwa vipi, anatolewa kwenye utafiti, na barua ndiyo basi tena.

Sheria ni sheria. Lakini kama huyu ndiye pacha, apime mkono wake mzima, halafu yule mwenye bega bovu apande ngazi, aanguke mara ya pili?

Akashika pembe ya plasta, akaibandua.

Ngozi laini, toka shingoni hadi kwenye kiwiko. Hakuna kovu, hakuna hata alama ya uzi.

"Haya, pacha," akasema taratibu. "Ndugu yako kajificha wapi?"

"Dada, ni mimi."

"Na kovu je? Limehamia kwa jirani?"

Fundi akaitazama barua mezani. "Ningeruhusiwa kusema, ningesema."

"Mmezoea kupaka kuta, sasa mnataka kunipaka na mimi."

Akaichana barua vipande vinne. Akampigia msimamizi simu palepale, fundi akisikia: huyo na ndugu yake ni matapeli. Fundi akachukua shati, akaingiza kwanza mkono wa bega lile, polepole, kisha ule mwingine. Akatoka bila kuaga.

Daktari mkuu alipoingia, mpimaji alimsimulia yote, kifua mbele. Daktari alifungua kabati, akatoa bahasha ya fundi, akachomoa karatasi iliyomo, akamwekea juu ya vile vipande vya barua.

Ilikuwa na mstari mmoja: "Asipasuliwe. Mkono utundikwe shingoni kwa kitambaa."