Mhuri Kwenye Kitabu cha Gari

Arobaini ya mumewe, Kapilima, ilipopita, Sijaona alikwenda gereji na kitabu cha gari. Gari la marehemu lilikosa breki mteremkoni, likamgonga mama aliyebeba mtoto mgongoni, kisha likapinduka. Wote watatu walikufa. Mji mzima ulisema Kapilima alikuwa mzembe, hakulitunza gari lake.

"Nisomee, fundi," alisema. "Breki zinatakiwa kushughulikiwa kila baada ya muda gani?"

Fundi Mlekwa alifuta mikono, akafungua kitabu. "Pedi hukaguliwa kila kilomita elfu kumi. Mafuta ya breki hubadilishwa kila miaka miwili; yakichakaa, breki hufeli mteremkoni."

"Na yeye alichelewa?"

Mlekwa alifunua kurasa polepole. Kila sevisi ilikuwa na tarehe na mhuri, hakuna iliyorukwa. Alipofika ya mwisho alitaka kukifunga kitabu, lakini Sijaona aliweka kidole.

"Huu mhuri ni wa nani?"

"Wangu, shemeji. Wiki tatu kabla ya ajali."

"Mafuta ya breki ulibadilisha?"

"Niliongeza tu. Siku ile magari yalikuwa mengi. Nikagonga mhuri."

Sijaona hakulia wala hakumtukana. Alikichukua kitabu, akakikumbatia.

"Baba wa yule mtoto anakaa nyuma ya msikiti," alisema. "Twende ukamwambie."

Mlekwa alianza kuvua ovaroli. Kifungo cha pili kilikataa kufunguka. Sijaona alikuwa ameshafika barabarani, amesimama juani, akimsubiri.