Mwenyekiti Mpya wa Kamati ya Wakimbizi

Haya nimeyapata kwa shangazi yangu mshonaji, mwezi uliopita, tukisubiri zamu yetu hospitalini. Yeye ndiye aliyeshona mapazia ya nyumba yalimotokea.

Redio iliposema asubuhi kwamba mtawala wa kwao ameanguka, Mama Birika, kama walivyomwita kwa chai zake za vikao, alicheka na kulia kwa pamoja. Miaka kumi na tisa hakuwa amemwona mama yake mzazi, ajuza aliyebaki ng'ambo ya mpaka, miguu imekataa.

Mpaka wenyewe ulifungwa kwa juhudi za kamati ya wakimbizi, na kamati ilikaa sebuleni kwake. Mumewe, mwenyekiti, kila mwaka alimwandikia waziri wa mambo ya nje barua ileile: msifungue, mtawala yule ni jini mla watu. Alibadilisha tarehe tu. Aliyeipeleka ni Bwana Saruji, tajiri aliyewalipia kodi ya nyumba. Alikwenda na bahasha yake pia, maana mkono mtupu haulambwi. Na tangu mpaka ufungwe, nani mwingine aliuza saruji nchi hii?

“Baba Watoto, leo andika nyingine,” Mama Birika alisema. “Waambie wafungue.”

“Tulia, mke wangu. Tajiri anakuja.”

Tajiri akaja, viatu vinang'aa, uso wa msibani.

“Msiwe na papara. Mpaka si mlango wa choo. Nawaletea mwenyekiti mpya, mkimbizi mwenzenu. Ikulu ya kwenu anaijua chumba kwa chumba. Kesho tunakula na waziri.”

“Na mimi je?” mume akauliza.

“Wewe una mwandiko mzuri. Utakuwa katibu.”

Wanakamati wakaguna, wakatazamana, wakaikumbuka kodi ya nyumba. Wakapiga makofi.

Mama Birika alipiga makofi kuliko wote. Huyu mpya atanisikia, alijiambia. Akanyoosha shuka kwa pasi, akamhamisha mumewe na mito yake, akampisha mgeni chumba chao.

Mgeni aliteremka garini mchana: kofia hadi kwenye nyusi, miwani myeusi, koti la kuazima lisilofunga tumboni. Kamati ikasimama mstari. Mama Birika hakungoja utambulisho.

“Shikamoo, baba. Mama yangu yuko kule, hata kusimama hawezi. Mwambie waziri afungue mpaka, japo wiki moja.”

“Marahaba, binti yangu. Pole sana.” Sauti ilimtetemeka kwelikweli. “Hata mimi nimetoka na nguo nilizovaa. Wale watu hawana utu hata chembe. Usifunguliwe hata upenyo wa sindano, hadi waondoke.”

“Si wameondoka leo, baba?”

“Binti yangu,” mgeni akapiga mwayo, “nimechoka.”

Wakampeleka chumbani. Akavua kofia, akavua miwani, akajitupa katikati ya kitanda, na kabla Mama Birika hajaweza kuufumba mdomo wake, alikuwa anakoroma. Wanakamati wote kumi na wawili, ambao kila mmoja aliikimbia nchi yake kwa sababu ya mtu huyu huyu, wakatoka kwa kunyata, viatu mkononi, wasije wakamwamsha.