Eti ya Chiriku

Hapo kale, ndege walipokuwa bado wanaaminiana, Chiriku hakuweza kukaa na neno tumboni.

Wakati huo mke wa Hondohondo alikuwa amejifungia ndani ya tundu la mti akiatamia. Mlango ameukandika udongo, manyoya ya mabawa yamempukutika, hawezi kuruka. Mumewe ndiye aliyemlisha kupitia upenyo mwembamba.

Mchana mmoja, alipokosa la kuzungumza, Chiriku akamnong'oneza Kwale, "Mimi simo, lakini eti yale mayai si ya Hondohondo."

"Nani kakwambia?"

"Nimesema eti, shoga."

Kwale alipomfikishia Hondohondo habari, ile eti ilikuwa imeshadondoka njiani.  Hondohondo alilimeza mwenyewe tunda alilombebea mkewe, akaruka zake ng'ambo ya mto.

Siku zikapita ndipo Chiriku akasikia kuwa Hondohondo amemwacha mkewe. Alimfuata huko huko ng'ambo. "Kaka, rudi nyumbani. Mimi sikuona kitu. Nilisema eti."

Hondohondo akamgeukia. "Mbona mimi sikuisikia?"

Wakarudi pamoja mpaka kwenye mti. Hondohondo akagonga udongo kwa mdomo wake, akaita, akagonga tena. Kwenye upenyo hapakutokeza tena mdomo wa mkewe.

Tangu hapo Chiriku huanza alfajiri, eti, eti, eti, mpaka jua linazama. Ile iliyodondoka ameiokota, ila hana tena pa kuiweka.