Ubeti wa Tatu

Kwaya ya Kitale ilipofungua vinywa, Wamalwa alidhani masikio yake yanamchezea.

*Maji ya Nzoia mengi, usiogope kuvuka.*

Ulikuwa wimbo wake. Si wa kufanana na wake. Wake, tangu pumzi ya kwanza. Aliutunga Bungoma, bila chuo wala mwalimu, akihesabu mizani kwa vidole juu ya meza ya saiba yake, duka lake dogo la kompyuta na intaneti. Na kwaya yake ndiyo ingefuata kupanda jukwaani, mbele ya majaji wale wale, na wimbo ule ule.

Nyuma ya pazia waimbaji wake walitazamana.

"Mwalimu," Absalom wa besi akanong'ona, "si huo ni wetu?"

"Ulikuwa wetu." Macho ya Wamalwa yalikuwa yamekwisha kumfikia Phelista.

Phelista ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza, na ndiye aliyekaa kaunta pale saiba. Wiki iliyopita aliomba ruhusa aje huku Kitale kumwona shangazi yake. Binti wa shangazi huyo alikuwa pale jukwaani sasa hivi, mstari wa mbele, akiimba kwa meno yote.

"Shangazi alikupikia nini," Wamalwa akamuuliza, "hadi ukamlipa kwa wimbo wangu?"

"Mimi?" Phelista aligeuka nyuma, kana kwamba kuna Phelista mwingine. "Mwalimu, usiniongeleshe hivyo mbele ya watu. Mimi sijaimba huko hata mstari moja."

"Basi wimbo uliletwa huku na upepo wa Suam?"

Mtu mmoja alicheka, akajuta.

Kilichomchoma Wamalwa ni kwamba alikuwa amemwamini. Hakuna siku aliyofanya jambo bila yeye kuwa karibu. Hata siku ile alipoweka kwenye kompyuta yake ile programu ya kupakua nyimbo za bure, ambayo mwaka huo kila saiba ilikuwa ikiisifu, Phelista alikuwa ameketi kando yake, akimsomea kila kisanduku kilichochomoza kwenye kioo.

"Ati inataka ruhusa ifungue folda ya nyimbo zako," alimwambia siku hiyo. "Ati watu wengine nao wachukue."

"Watu gani? Ng'ombe wa Sirisia? Bonyeza Yes."

"Si usome kwanza, bana! Unakaribisha mgeni kwa nyumba na hujui ataingia chumba gani."

"Phelista, mimi ni mshairi, si wakili." Akapitisha mkono mbele yake, akabonyeza mwenyewe. Yes. Yes. Yes. Phelista alicheka, akampiga kofi dogo begani. Bega hilo lilikaa na joto mchana kutwa.

Alipomtuma Phelista sokoni baadaye, Wamalwa alifunga mlango, akaurekodi wimbo mzima kwenye kompyuta, ndani ya folda ile ile ya nyimbo, peke yake, jinsi ulivyomjia. Ndiyo mara pekee aliyouimba hivyo. Kesho yake, alipoifundisha kwaya, alibadilisha mahali pamoja tu katika ubeti wa tatu. Lilikuwa neno ambalo hakuwa na ujasiri wa kulitamka mbele ya watu. Badala yake akaweka "ewe ua". Mashindano yakiisha, alijiapia, atalirudisha mahali pake.

Leo hakuona tena sababu.

Jukwaani ubeti wa pili ulikuwa unamalizika. Watu ukumbini walianza kupiga makofi ya kufuatisha, makofi aliyoyaota miezi mingi.

"Vua kilemba cha kwaya," akasema.

"Mwalimu, ngoja kwanza," Absalom akaingilia. "Huyu msichana tunamjua sisi."

"Hata mimi nilidhani namjua. Phelista, vua. Na Jumatatu usikanyage saiba yangu. Nyoka hafugwi kwa sababu ana sauti nzuri."

Hakuna aliyecheka sasa. Phelista alikifungua kilemba polepole, akakikunja kwa uangalifu kama mtu anayekunja nguo ya marehemu, akamwekea mkononi. Macho yake yalikuwa makavu.

"Nilikuwa nangoja uniambie kitu leo," akasema. "Sikujua ni hii." Akafika mlangoni, akasimama kidogo. "Umenihukumu hata wimbo haujaisha, Wamalwa."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. Mlango ukafungwa. Viatu vyake vikasikika vikishuka ngazi za saruji.

Wamalwa alikivuruga kilemba mkononi, akasogea karibu na pazia. Acha wimbo uishe, basi! Alitaka ubeti wa tatu. Alitaka kulisikia "ewe ua" likitoka vinywani mwa wageni, neno ambalo ni kwaya yake pekee iliyofundishwa, ili Absalom na wenzake washuhudie wizi kwa masikio yao, na yeye moyo wake utulie.

Kule nje viatu vilikuwa vimefika kwenye changarawe.

Kwaya ya Kitale ikavuta pumzi, ikapaza sauti:

*Vuka, Phelista, vuka, mgongo wangu daraja.*